Mota Iliyotoka Jasho

Wendell Kachur wa Karlin, Saskatchewan, nchini Kanada, alikuwa na miaka sitini na miwili na alikuwa hajawahi kumwita fundi. Kijijini jambo hilo lilijulikana kama inavyojulikana dini ya mtu. Mashine yake ya kuvunia ngano aliifungua mwenyewe, akaifunga mwenyewe, zikabaki boliti tatu, na bado ikavuna misimu kumi na minne. Jino lake la nyuma alilijaza kwa gundi ya kuzibia radieta, nalo likadumu hadi Pasaka. Mashine ya kufulia ya mkewe, Verna, alikuwa ameitengeneza mara nyingi mno hata ikawa inatembea. Ukiiwasha ukutani unaikuta mlangoni, na Verna alishazoea kuipisha.

Kwa sifa hizo alipewa kazi ya kutunza barafu katika ukumbi wa mchezo wa mawe, na aliifanya kwa miaka kumi na tisa bila malipo, kama kazi zote za Karlin zenye maana. Mchezo wenyewe ni wa kutelezesha jiwe zito lenye mpini juu ya barafu mpaka likaingie kwenye duara upande wa pili, huku wenzako wakikimbia mbele yake na kuisugua barafu kwa fagio. Mgeni akiuona anadhani watu wamegombana na sakafu. Kwa wenyeji ndiyo sababu ya kuishi Februari.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na chumba cha mitambo, na ndani yake mota ya umeme iliyozungusha kompresa iliyogandisha barafu. Mota ilikuwa na ukubwa wa ndama wa mwaka mmoja, na thamani yake ilikuwa ya pikapu nzuri isiyo na kutu. Jumatatu ya wiki ya mashindano, timu thelathini na mbili zikitarajiwa Ijumaa, ilianza kulia kama mtu anayekwaruza bati kwa msumari.

Kamati ya klabu ikakaa jioni hiyo hiyo. Mwenyekiti alikuwa Doreen Sawchuk, mwanamke aliyefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na ambaye hadi leo wanaume wazima huficha mikono akiwatazama.

"Ni beringi," alisema Wendell.

"Ni beringi," Doreen alikubali, "na fundi kutoka Yorkton atakuja Alhamisi kuibadilisha. Wendell, nakujua. Usiiguse."

"Sijasema kitu, mama mwenyekiti."

"Ndiyo maana nakwambia. Wewe ukinyamaza ndipo unapokuwa hatari."

Kamati ikacheka. Ikaamuliwa kwamba Gordie Pelech ataendelea kuiwasha kila asubuhi kwa saa mbili tu, kama alivyozoea, na kuitia grisi kidogo. Nje baridi ilikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri; barafu haikuwa na haraka ya kwenda popote.

"Na makelele je?" aliuliza mtu.

"Makelele ni makelele tu. Mume wangu anakoroma mwaka wa thelathini huu na hajafa."

Wendell akatikisa kichwa juu na chini. Kwa wakulima wa Karlin kutikisa kichwa hivyo maana yake ni kwamba masikio yanafanya kazi. Yaliyobaki huamuliwa baadaye.

Tumtendee haki: hakutaka kumkomoa mtu. Alichotaka ni kwamba Jumatano asubuhi Gordie abonyeze kitufe, mota izunguke kimya kama paka aliyeshiba, Gordie ashangae, Doreen aje ashangae, na yeye Wendell aulizwe, naye aseme hajui lolote. Alishalifanyia mazoezi hilo jibu la kutojua lolote. Alilifanyia mazoezi akinyoa ndevu.

Jumanne kulikuwa na mnada wa shamba la akina Swanson, kwa hiyo Karlin nzima ilikuwa maili tisa kutoka hapo, ikitazama matrekta ya jirani kwa huzuni na tamaa. Gordie alipokwisha kuzima mota na kwenda mnadani yeye pia, Wendell akarudisha pikapu kinyumenyume hadi mlango wa chumba cha mitambo, ambao mchana hakuna aliyeufunga kwa ufunguo. Akaifungua mota. Kwa mnyororo na puli akavitoa vipande vyake kimoja kimoja na kuvilaza kwenye sehemu ya mizigo ya pikapu, nje, kwenye baridi.

Hila yake ilikuwa ile inayojulikana na kila mkulima wa nyanda zile. Beringi mpya hubana mno. Hukataa kuingia kwenye shafti, ule mhimili unaozunguka, hata kwa nyundo na matusi. Lakini ukiichoma moto beringi inatanuka, na ukiilaza shafti kwenye baridi inasinyaa, na ukiwa na haraka ya kutosha unavikutanisha kabla havijajua kilichotokea. Kwa shafti utatumia majira ya baridi, ambayo ndiyo kifaa pekee ambacho watu wa huko hawajawahi kukiazima. Kwa beringi utatumia oveni ya mkeo.

"Nini hicho kwenye oveni yangu?" aliuliza Verna.

"Beringi."

"Naona si keki. Ya nini?"

"Ya kazi."

"Wendell, nina pai sita za mashindano."

"Dakika arobaini tu. Usifungue mlango, itapoa."

"Haiumuki hiyo, baba. Hata ukiiacha mpaka Ijumaa."

Akaipeleka ukumbini ndani ya sufuria, imefunikwa kwa taulo mbili, akiendesha kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Shafti ilikuwa imelala kwenye baridi kwa saa nne. Beringi ikashuka mahali pake yenyewe, bila nyundo, kwa mlio mmoja mdogo wa chuma, na Wendell akasimama pale kwenye baridi ya kuua akajisikia jinsi watu wengine wanavyojisikia kanisani.

Kosa halikuwa hapo. Kosa lilikuwa kwamba pamoja na shafti alilaza nje ganda la mota lenye nyaya zote za shaba. Ganda halikuhitaji baridi. Lakini lilikuwa zito, na pikapu ilikuwa karibu. Sasa akaliingiza kwenye chumba cha mitambo, ambacho hita yake hukipasha joto mpaka watu huvua sweta, akalifunga upesi, kwa sababu mnada hauendelei milele.

Mtoto wa miaka sita wa Karlin anajua kwamba kitu kilicholala nje hakiingizwi ndani na kutumiwa papo hapo. Bunduki ya kuwindia huachwa barazani, la sivyo hulowa mpaka ndani ya mtutu. Akodiani ya harusini hukaa kwenye sanduku lake saa nzima kabla ya mtu kuigusa. Wendell mwenyewe alipovuka kizingiti miwani yake ilizibwa na ukungu papo hapo. Akaivua, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa, akaendelea na kazi. Nyaya za shaba, zilizokuwa na baridi kuliko miwani, zilikuwa zikitoka jasho vivyo hivyo, huko ndani ambako ncha ya shati haifiki.

Akabonyeza kitufe. Kwa dakika nne mota ilizunguka kimya kama paka aliyeshiba.

Kisha ikapiga mlio mmoja kama bunduki, mwanga wa buluu ukatoka kwenye matundu yake, na swichi kuu ya ukutani ikaanguka yenyewe na kukata umeme. Harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa chumbani. Wendell alibaki ameshika bisibisi ambayo haikuwa na kazi tena.

Alichokifanya baadaye kilimchukua nusu saa, nacho ndicho alichokuja kukikumbuka zaidi kuliko mlio wenyewe. Alifungua mlango harufu itoke. Alifuta masizi kwenye matundu kwa kitambaa. Alifuta alama za mnyororo sakafuni. Alikusanya beringi ya zamani na vumbi la kutu akavitia kwenye sufuria. Halafu akanyoosha mkono akairudisha juu ile swichi kuu, mahali alipoikuta. Alijiambia kwamba hiyo ilikuwa kupanga vitu tu, kama mtu anavyozima taa. Kichwa chake hakikukusudia kitu. Mkono ulikuwa umekusudia, na ulikuwa mkono wake wa kulia.

Akaenda nyumbani akala supu.

Jumatano saa moja asubuhi Gordie Pelech aliingia chumba cha mitambo. Gordie alikuwa na miaka sabini na sita, mgane tangu mwaka juzi. Mkewe alipofariki watu walimwona akisimama posta bila barua, akisimama dukani bila kikapu, mpaka Doreen akamkabidhi ufunguo wa chumba cha mitambo na bomba la grisi. Tangu hapo alikuwa na sababu ya kunyoa ndevu. Aliitia mota grisi, akabonyeza kitufe, na mota iliyokwisha kufa jana ikampigia usoni mlio wake wa mwisho na moshi.

Saa nane mchana kamati na nusu ya kijiji walikuwa ukumbini. Doreen alikuwa ameshampigia simu fundi wa Yorkton.

"Anasema kama imepiga na kutoa moshi, basi asisumbuke kuja kuitazama," alisema. "Maiti haihitaji daktari. Ataagiza mpya, itafika wiki ijayo. Swali ni mashindano."

Kabla mtu hajajibu, Gordie akasimama. Alikuwa amevaa shati la Jumapili.

"Nimeiua mimi," alisema.

"Kaa, Gordie," alisema mtu nyuma.

"Ngoja niseme. Siku zote naitia grisi pampu mbili. Leo nilitia tatu, kwa sababu ilikuwa ikilia na nikaionea huruma. Nikabonyeza, ikapasuka. Nimeiua mimi, na naiomba radhi klabu."

Kuna jambo ambalo aliyekulia mbali na mchezo huo hulistaajabia. Mchezo wa mawe hauna refa. Fagio lako likigusa jiwe lililo mwendoni, hata kama hakuna aliyeona, hata kama ni fainali, unasema mwenyewe: nimeligusa. Watoto hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kulirusha. Gordie, aliyekuwa hajagusa kitu, alikuwa ametangaza kosa mbele ya watu, kwa sauti, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa. Na mita tatu kutoka kwake alikaa Wendell, aliyelelewa hivyo hivyo, akitazama viatu vyake.

"Mzee Gordie," alisema Doreen taratibu, "mota ile imenizidi umri hata mimi."

"Na yenyewe haijawahi kufundisha darasa la tatu," alisema mmoja, na watu wakacheka, kwa shukrani zaidi kuliko furaha.

"Pampu tatu!" mwingine akadakia. "Gordie, wewe ungemlisha ndama mpaka apasuke!"

"Ufunguo nadhani niurudishe," alisema Gordie. Akautoa mfukoni akauweka mezani, akausogeza mbali naye kwa kidole kimoja, na hakuna aliyecheka tena.

"Tumpe Wendell," alisema mtu. "Wendell anaijua mitambo."

Doreen akausukuma ufunguo upande wa Wendell. Huo ulikuwa wakati wake. Ulidumu, kwa hesabu yake ya baadaye, kiasi cha pumzi tatu. Akauchukua ufunguo, akamgeukia yule mzee, na akamsikia mtu fulani akisema kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya huruma kabisa:

"Haya hutokea, Gordie. Usijilaumu."

Barafu iliokolewa kwa njia ya mababu. Milango yote ya ukumbi iliachwa wazi, baridi ikaalikwa ndani, na timu thelathini na mbili zikacheza na makoti na kofia za manyoya, mvuke ukiwatoka puani kama farasi. Wazee walisema barafu haijawahi kuwa nzuri hivyo tangu utoto wao. Kila aliyesema hivyo alimpiga Wendell begani, kwa sababu ndiye mtunza barafu.

Gordie alijitoa kwenye timu yake. Alisema ni goti. Akahamia upande wa jikoni, kwa Verna na wanawake wengine, kugawa kahawa na kufuta meza. Watu walimwita Bwana Grisi, kwa upendo, na yeye alicheka kila mara akiwa amechelewa kidogo. Jumamosi saa nne asubuhi Wendell alikuja dirishani kuchukua kikombe. Mashine ya kahawa ilikuwa imekauka. Gordie akaijaza maji, akaweka kahawa, kisha akasimama mbele yake mikono imening'inia.

"Verna," alisema, "nibonyeze mimi, au utabonyeza wewe?"

"Si ubonyeze tu, mzee wangu."

"Afadhali wewe."

Verna akabonyeza. Wendell akarudi barafuni bila kikombe.

Ilikuwa mechi dhidi ya timu ya Foam Lake, na mambo yalikuwa sawa kwa sawa. Mwenzake akarusha, Wendell akakimbia mbele ya jiwe akisugua, ameinama, na karibu na duara unywele mmoja wa fagio lake ukaligusa jiwe. Jiwe halikujua. Hakuna mtu aliyejua. Mdomo wa Wendell ukasema wenyewe, hata kabla hajanyooka:

"Nimeligusa."

Akalitoa jiwe pembeni kwa mguu. Nahodha wa Foam Lake, Arvid Tollefson, mkulima mrefu wa dengu asiyependa maneno, akatembea mpaka kwake akavua glavu na kumpa mkono.

"Ndiyo maana tunaendesha saa mbili kuja kucheza nanyi," alisema. "Kuna vijiji siku hizi, sitavitaja. Lakini Karlin, aah. Karlin ni watu."

Wendell aliutazama mkono ule mkubwa uliokuwa ukiutikisa wa kwake, wa kulia. Akasema samahani, akalilaza fagio chini, akatoka kwenye barafu katikati ya mechi, jambo ambalo halifanywi isipokuwa kwa maradhi ya moyo.

Dirishani kulikuwa na foleni ya watu sita. Akapita mbele yao.

"Gordie. Si wewe."

"Si mimi nini?"

"Mota. Ilishakufa Jumanne. Niliifungua mimi mlipokuwa mnadani. Niliiunguza mimi."

Gordie alikuwa ameshika kitambaa cha meza. Akakikunja mara mbili.

"Lakini ilinipigia mimi," alisema. "Nilibonyeza, ikapiga."

"Swichi ilianguka. Niliirudisha juu."

"Ulijua nitakuja asubuhi."

Wendell akaitazama ile mashine ya kahawa. "Nilijua huja kila asubuhi," alisema.

Verna alikuwa na kipande cha pai juu ya mwiko, hakijui kiende wapi.

"Tangu Jumatano sijalala," alisema Gordie. "Nahesabu pampu. Moja, mbili, tatu. Wewe ulilala?"

Lilikuwa swali jepesi kulidanganya, na uongo wake ungekuwa wa adabu.

"Nililala," alisema Wendell. "Siku zote."

Gordie akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa umbali wa mahali na kukuta ni mbali kuliko alivyodhani.

"Basi waambie na wale," alisema. "Mimi nilisimama."

Kipaza sauti cha ukumbi kilikuwa ukutani kando ya dirisha. Hutumika kutangaza chakula, hasa perohi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, na pikapu zilizoachwa taa zinawaka. Wendell akakishika. Mawe manne yalikuwa mwendoni wakati huo, na watu walisubiri yasimame kwanza, kwa adabu.

"Huyu ni Wendell Kachur," alisema, kana kwamba kuna asiyejua. "Gordie hakuiua mota. Niliifungua mimi Jumanne, baada ya kuambiwa nisiiguse. Ililala nje saa nne, nikaiingiza ndani, nikaiwasha. Ikaungua. Nikafuta masizi, nikairudisha swichi, nikaenda zangu. Jumatano nilikaa pale nikamwacha Gordie aombe radhi. Halafu nikamfariji." Hakujua mtu hufungaje tangazo la namna hiyo, kwa hiyo akalifunga kama yote: "Ahsanteni. Perohi zitakuwa tayari saa sita na nusu."

Ukumbi ukakaa kimya. Kisha sauti ya mzee mmoja ikatoka mbali, kwenye mstari wa nne wa barafu, yenye mshangao wa kweli:

"Uliiingiza ndani ikiwa baridi? Bila kuisubiri?"

"Bila kuisubiri," alisema Wendell kwenye kipaza sauti.

Watu waliguna. Wendell aliligundua hilo na hakulisahau: kwa uongo walikuwa wamenyamaza, lakini kwa hili waliguna.

"Kwa hiyo ni ile beringi niliyokuokea mimi," alisema Verna nyuma yake. Aliweka kile kipande cha pai kwenye sahani ya mtu mwingine.

Doreen alikuja kutoka mstari wa kwanza, akasimama mbele yake, akanyoosha kiganja. Wendell akautoa ufunguo akamwekea. Doreen akaupeleka dirishani kwa Gordie. Gordie akautazama, hakuuchukua.

"Wiki ijayo, Doreen," alisema. "Leo nataka kwenda nyumbani nikalale."

Akavua aproni, akavaa koti lake zito, akafunga kila kifungo, akavaa kofia, glavu moja, ya pili. Njia yote mpaka mlangoni watu walimpisha kama anavyopishwa mfiwa. Wengine walimgusa bega. Hakumtazama Wendell, na Wendell alikuwa amesimama mahali ambapo kumkosa kulihitaji juhudi.

"Kachur!" nahodha wake akaita kutoka barafuni. "Una mawe mawili bado."

Kwa kuwa mechi haimaliziki yenyewe, akarudi. Akaokota fagio. Akarusha mawe yake mawili, moja zuri na jingine ovyo. Walipoteza kwa pointi moja. Kisha, kama ilivyo desturi, timu zote mbili zikapanga mstari kupeana mikono, na Wendell akapita kwa kila mmoja, wenzake watatu na wageni wanne. Wote walimpa mkono. Arvid Tollefson alikuwa wa mwisho. Alivua glavu tena, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, akaushika mkono wa Wendell kwa muda ule ule unaotakiwa, akasema:

"Mchezo mzuri."

Ndivyo anavyoambiwa kila mtu. Wendell alimtazama usoni kuona kama ndani ya maneno hayo kulikuwa na kitu kingine, chochote kile. Hakikuwepo.